Je, Wahindu huabudu jiwe?

Ukipita Mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, jioni, utasikia kengele za mahekalu ya Kihindu. Tangu utotoni wengi wetu tumeambiwa kwamba mle ndani watu wanaabudu sanamu. Maneno haya yamezoeleka mno, na hayawatendei haki majirani zetu.

Sanamu ile huitwa murti. Ikitoka kwa fundi bado ni jiwe, shaba au udongo tu. Inapowekwa hekaluni hufanyiwa ibada ya pran pratishtha, yaani kuikaribisha pumzi ya uhai, na kuanzia hapo waumini huamini kwamba Mungu yupo mbele yao kupitia umbo hilo. Ndiyo maana huamshwa asubuhi, huvishwa nguo na kuandaliwa chakula, kama afanyiwavyo mgeni wa heshima.

Tazama sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo. Huko Mumbai familia huleta nyumbani Ganesh wa udongo, humwomba kwa siku kadhaa, hata 10, kisha humuaga na kumzamisha baharini, udongo ukayeyuka. Anayeabudu udongo hawezi kufanya hivyo.

Wahindu wengi wana madhabahu ndogo nyumbani, na kila siku husali hapo. Hekalu la mtaani huwakutanisha. Wakati wa arati, yaani ibada ya taa, taa ya samli huzungushwa mbele ya murti, kisha hupitishwa kwa watu; kila mmoja hupitisha viganja juu ya mwali na kujigusa usoni. Baadaye hugawiwa prasad, yaani chakula kilichotolewa kwanza mbele ya murti, mara nyingi matunda au vitamu, na mgeni aliyevua viatu mlangoni naye hupewa.