Ukurasa wa Katuni ya Zamani: Anza Nyuma, Saini Baadaye

Tangu bei za kurasa asilia za katuni za Marekani, yaani zile zilizochorwa kwa mkono kabla ya kuchapishwa, zipande minadani, kitengo chetu cha utambuzi kinapokea maombi yanayofanana: mwenye ukurasa anatuma picha ya saini na kutaka tumthibitishie mchoraji. Saini peke yake haithibitishi chochote. Kwa miaka mingi jina la Bob Kane, mmoja wa waundaji wa Batman, liliwekwa kwenye hadithi za mhusika huyo zilizochorwa na watu wengine, wakiwemo Dick Sprang na Sheldon Moldoff. Carl Barks naye alichora bata wake wa Disney, akiwemo Donald Duck, tangu miaka ya 1940 bila kutia jina. Wasomaji waliujua mkono wake muda mrefu kabla ya kujua anaitwa nani.

Geuza ukurasa kwanza. Nyuma na pembezoni ndipo palipo na mihuri, namba ya kazi, jina la jarida na maelekezo ya mhariri. Muhuri wa Comics Code Authority, chombo cha wachapishaji cha kukagua maudhui ya katuni kilichoundwa mwaka 1954, hauwezi kuwepo kihalali kwenye ukurasa uliochapishwa mwaka 1948. Kisha pima eneo lililochorwa. Hadi karibu mwaka 1967 wachoraji wengi wa Marekani walichora eneo la takriban sentimita 30 kwa 46. Baada ya hapo likashuka hadi takriban 25 kwa 38. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado tunatumiwa vipimo vya fremu ya ukutani.

Lenzi inayokuza mara 10 itakuonyesha kama vivuli na rangi vimejengwa kwa vitone vidogo vilivyopangwa. Vikiwepo kote, huo ni uchapishaji. Ukurasa asilia wa ndani kwa kawaida ni wino mweusi mtupu, kwa kuwa rangi ziliwekwa kwenye nakala ya pembeni. Chini ya taa ya urujuanimno, karatasi inayong'aa buluu ina kemikali za kung'arisha zilizoenea viwandani kuanzia karibu mwaka 1950. Ukiambiwa ukurasa kama huo ni wa 1940, uliza maswali.

Mistari ya penseli ya buluu, rangi nyeupe ya kusahihishia, maneno yaliyobandikwa na gundi iliyogeuka kahawia si uchafu. Ni ushahidi wa kazi. Tafadhali msifute, msioshe, msibandike utepe! Tumepokea kurasa zilizosafishwa kwa nia njema kabisa, na alama ambazo zingetusaidia hazipo tena.

Kuhusu mkono wa mchoraji, swali la "nani kachora" mara nyingi lina majibu mawili au matatu. Mmoja aliweka penseli, mwingine wino, mwingine maandishi. Penseli za mchoraji Jack Kirby zikipita kwa mtia wino Vince Colletta zinatoka na vistari vyembamba kama nywele. Zikipita kwa mtia wino mwingine, Joe Sinnott, zinatoka nzito na laini. Watu hukimbilia sura, na sura ndiyo inayopotosha. Kirby alipokuwa kampuni ya DC, wachapishaji wa Superman, mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyuso zake za Superman zilichorwa upya na Al Plastino na Murphy Anderson. Tazameni vidole, masikio, mikunjo ya nguo na jinsi watu walivyopangwa ndani ya fremu, kisha mlinganishe na toleo lililochapishwa. Hifadhidata ya mtandaoni ya Grand Comics Database, inayoorodhesha matoleo ya katuni na iliyoanza mwaka 1994, inasaidia kulipata toleo hilo.

Kumiliki ukurasa si kumiliki hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1976, vitu hivi viwili vimetenganishwa. Anayechapisha fulana au mabango bila idhini ya mwenye haki anaweza kudaiwa fidia ya kisheria ya dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 akithibitika kukusudia. Vilevile, kurasa nyingi zilibaki kwa wachapishaji hadi miaka ya 1970, na baadhi ziliibwa. Huko Marekani, kusafirisha toka jimbo hadi jimbo mali ya dola 5,000 au zaidi ukijua ni ya wizi kunaweza kukufunga hadi miaka 10. Hifadhini risiti na barua za mauzo.

Mnapoomba utambuzi, leteni picha ya mbele yote, nyuma yote, pembe nne na vipimo, bila fremu wala kioo. Majibu yetu hutaja penseli na wino kila kimoja peke yake, na neno "inadhaniwa" likiwepo limewekwa kwa makusudi. Bei hatutoi.