Daraja la kuning'inia: kwa nini kebo zake hazikazwi zikanyooka?

Daraja la kuning'inia ni daraja ambalo njia yake haikulazwa juu ya nguzo bali imetundikwa. Kebo zinavuka mto kutoka ng'ambo hii hadi ile, na vishikizo vyembamba vinashuka kutoka kwenye kebo hizo kuibeba njia. Uzito wa mpita njia hupanda kwenye vishikizo, ukaingia kwenye kebo, ukaishia kwenye minara inayoziinua kebo na kwenye nanga, yaani misingi mizito ya nchi kavu inayoshika ncha zake. Daraja la mawe lenye tao hubeba kwa kubanwa. Hili hubeba kwa kuvutwa.

Aliyewahi kuanika nguo anaijua kanuni yake. Kaza kamba mpaka inyooke kama rula, utaona shuka moja iliyolowa inavyoinamisha nguzo. Ilegeze kidogo ishuke katikati, na nguzo zilezile zitabeba nguo za nyumba nzima. Kwenye daraja, ukipunguza kushuka huko kwa nusu, nguvu ya mlalo inayovuta nanga huongezeka maradufu. Kwa hiyo ule mpinde wa kebo si uzembe wa fundi.

Mwaka 1816, kwenye Mto Schuylkill huko Philadelphia, Marekani, palikuwa na daraja la minyororo lililofuata ubunifu wa Mmarekani James Finley. Likaanguka. Josiah White na Erskine Hazard, waliokuwa na kiwanda cha waya kando ya mto huo, wakatumia walichokuwa nacho: nyaya sita, tatu kila upande, zilizotoka kwenye jengo la kiwanda hadi kwenye mti ng'ambo ya pili. Naam, mti; minara haikuwapo. Umbali ulikuwa futi 408, kama mita 124, na njia ilikuwa na upana wa inchi 18 tu, kwa hiyo kupishana humo kulitaka ujirani mwema. Waliruhusiwa watu wanane kwa wakati mmoja, kila mmoja akilipa senti moja. Gharama yote ilikuwa dola 125, yaani wavukaji 12,500 walitosha kuirudisha.

Kwa nini waya, si mnyororo? Mnyororo hauna nguvu kuliko pete yake iliyo dhaifu zaidi, na pete ya kufuliwa yaweza kuficha ufa ndani ya kiungo chake. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia tundu jembamba: wenye kasoro kubwa hukatika kiwandani, na unaopita hutoka mgumu kuliko chuma ulichotokana nacho. Tena uzi mmoja ukikatika, mingine ipo.

Wepesi huo ulikuwa na bei yake. Njia isiyo na mihimili ya kuikaza huyumba kwa upepo na kwa hatua za watu, na daraja lile halikudumu. Mwaka 1823 mhandisi wa Uswisi Guillaume Henri Dufour, akishirikiana na mhandisi Mfaransa Marc Seguin, alifungua huko Geneva, Uswisi, daraja la kuning'inia la waya lililojengwa kukaa. Nyaya nyingi nyembamba zilifungwa pamoja zikawa kebo moja.