Maswali Mazito ya Maisha Si ya Chuo Kikuu Peke Yake

Wapo wanaoamini kwamba maswali kuhusu kifo na maana ya mali ni ya wanafalsafa wa chuo kikuu, na kwamba somo la fasihi shuleni linatosheka na kuorodhesha dhamira na tamathali za usemi. Dhana hiyo haina mashiko. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausaili moyo wake mwenyewe kwa nini umeghururika na dunia, kisha anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu, waliokwisha kufa: vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege, na juu wananing'inia popo. Mwanafunzi akipewa penseli akichore kidaka kimoja mara mbili, kwanza kikiwa na sahani, kisha kikiwa na kiota, atalazimika kuamua mwenyewe ni nini hasa kilichopotea. (Msamiati wa Kiamu, lahaja ya Lamu iliyotumika katika utenzi huo, unahitaji kufafanuliwa kwanza, na kazi hiyo si ndogo.) Fani nayo haiachwi, kwa kuwa taswira hiyo ya kidaka ndiyo inayolibeba swali lenyewe.