Kwa nini mzoga wa kimeta haupasuliwi: maswali na majibu kuhusu spora na proteasi

Tunaambiwa mnyama aliyekufa kwa kimeta asichunwe wala asipasuliwe. Sababu ni damu kuchafua mikono tu?

Damu ni sababu, lakini kubwa zaidi ni hewa. Ndani ya mwili wa mnyama, bakteria wa kimeta, Bacillus anthracis, huishi kama seli ya kawaida: anakula, anagawanyika, anatoa sumu. Humo hatengenezi spora, yaani umbo lake gumu la kujihifadhi. Mzoga ukibaki mzima, wengi wao hufa siku chache baadaye, wakizidiwa na bakteria wa uozo. Ukipasuliwa, damu iliyojaa bakteria humwagika, inakutana na oksijeni, na seli zile zinaanza kujigeuza kuwa spora. Spora zikishazama udongoni hukaa miongo ya miaka zikisubiri mnyama mwingine atakayekula majani hapo. Ndivyo kimeta kinavyorudi mara kwa mara katika maeneo kama Ngorongoro.

Spora ni mayai ya bakteria?

Hapana. Bakteria mmoja hutoa spora moja tu, kwa hiyo si uzazi, ni kujihifadhi. Kiini chake hukaushwa na kujazwa kalsiamu na asidi ya dipikoliniki, DNA yake hufunikwa na protini ndogondogo, na nje huvikwa tabaka juu ya tabaka. Robert Koch alieleza mzunguko huu wa kimeta mwaka 1876.

Proteasi inahusikaje hapo?

Proteasi ni kimeng'enya kinachokata protini, yaani mkasi wa seli. Watu wengi tumeisikia kwenye habari za kumeng'enya chakula tumboni, lakini katika kutengeneza spora kazi yake si kumeng'enya. Ni kutoa ruhusa, na kwa wakati wake.

Mengi tunayoyajua yametoka kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni asiye na madhara, jamaa wa yule wa kimeta. Njaa ikimbana, hujigawa vipande viwili visivyolingana. Kile kikubwa, seli mama, hukimeza kidogo, ambacho ndicho kitakuwa spora. Kuanzia hapo seli mbili zinajenga kitu kimoja, na lazima zisubiriane.

Seli mama ina protini iitwayo sigma K, inayoamua jeni gani zisomwe hatua za mwisho: za magamba ya nje, za asidi ya dipikoliniki. Lakini sigma K huzaliwa ikiwa imezimwa, na kipande cha ziada mwanzoni mwake, cha asidi amino 20 (asidi amino ni vijenzi vya protini). Proteasi iitwayo SpoIVFB ndiyo hukikata. Yenyewe nayo imezuiwa na protini mbili, BofA na SpoIVFA. Spora changa ikishafika hatua inayotakiwa, hutoa proteasi nyingine, SpoIVB, kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili zinazoitenganisha na seli mama. Hiyo humkata mzuiaji SpoIVFA, SpoIVFB inaachiwa, sigma K inakatwa, ujenzi unaendelea. Mimi huona hili kuwa jambo la kustaajabisha kuliko yote katika maisha ya bakteria: mtoto ndiye anayemwambia mama kwamba yuko tayari. Sigma K ikiwashwa mapema, spora hutoka na kasoro. Isipowashwa kabisa, spora inayohimili joto haipatikani.

Imeumbwaje hiyo SpoIVFB?

Si kama proteasi zinazoelea kwenye maji ya seli. Hupita ndani ya utando mara sita, na sehemu yake ya kukatia imo humo humo, kwenye mafuta ya utando. Katikati kuna atomu ya zinki, iliyoshikwa na asidi amino tatu: histidini mbili na aspateti moja. Jirani yake, asidi amino iitwayo glutameti, huandaa molekuli ya maji, na maji hayo ndiyo huvunja kiungo cha protini. Upande unaoelekea ndani ya seli mama una kipande kinachoshika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hivyo ukataji huathiriwa na nishati iliyopo.

Spora ikiingia mwilini, inaamkaje?

Huanza kwa kuhisi virutubishi vya mwilini, kisha inahusika proteasi nyingine tena, iitwayo GPR. Hutengenezwa mapema na kufungiwa ndani ya spora, ila haifanyi kazi kwa sababu ya ukavu. Maji yakirudi, hukata zile protini zinazofunika DNA. DNA inakuwa huru, na asidi amino zilizopatikana zinakuwa chakula cha kwanza cha seli mpya.

Antibiotiki haziui spora?

Haziui. Dawa hizi huvuruga kazi za seli inayoishi na kukua, na spora imesimamisha karibu kila kitu. Ndiyo maana aliyevuta spora za kimeta kwa pumzi huweza kupewa dawa kwa siku 60: dawa iwepo mwilini kila spora inapoamka.

Nikichemsha nyama vizuri?

Usiitegemee sufuria. Spora zinaweza kuvumilia maji yanayochemka. Hospitali huua spora kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121. Tena madhara huanza kabla ya jiko, kwenye kuchuna na kukata. Kumwahi kwa kisu mnyama anayezidiwa, ili asiwe kibudu, hakumwondolei kimeta. Vipukusi vya mikono vyenye spiriti navyo haviui spora. Nawa kwa sabuni na maji mengi ili ziondoke.

Nimeshachuna, nifanyeje?

Nenda kituo cha afya leo, usisubiri dalili, na useme wazi kwamba ulimshika mnyama aliyekufa ghafla. Ukiona kipele kinachogeuka kidonda cheusi kisichouma, hicho ndicho kimeta cha ngozi, na kikiwahiwa kwa dawa hupona. Mwite daktari wa mifugo asimamie uteketezaji wa mzoga pamoja na udongo uliolowa damu, na awachanje wanyama waliobaki. Chanjo ya mifugo hurudiwa kila mwaka.