Kwa nini Wakristo husema "Mungu ni mwema" hata matangani?

Ukiwa Nairobi na jirani yako amefiwa, utajikuta jioni katika kikao cha maombi na mchango, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani kwa mazishi. Anayeongoza husimama na kusema, "Mungu ni mwema!" Watu huitikia, "Kila wakati!" Na mara nyingi mjane naye huitikia, macho yakiwa bado mekundu. Je, anasema hivyo kwa mazoea tu, au kuna jambo analolijua?

Wengi tumezoea kuyasikia maneno hayo kanisani wakati wa ushuhuda. Mmoja amepata kazi, mwingine amepona, mwingine amepewa viza. Ni haki yao kushukuru. Lakini yule aliyeomba maombi yaleyale na bado akamzika mtoto wake haitwi mbele kushika maikrofoni. Baada ya miaka mingi ya kusikia upande mmoja, mtu huanza kuamini kwamba wema wa Mungu hupimwa kwa matokeo. Basi msiba ukibisha hodi kwake, hujiuliza amekosa nini.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma na kuua watu zaidi ya 40. Karibu saa 80 baadaye, waokoaji walimtoa mtoto mdogo kwenye vifusi akiwa hai, na jiji zima likamshukuru Mungu. Nani asingeshukuru? Ila swali linabaki: je, Mungu alikuwa mwema kwa mtoto yule, akawakosea wema waliokufa?

Yesu aliwahi kuligusa jambo linalofanana na hilo. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, kisha anawauliza wasikilizaji wake kama wanadhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wengine wote wa Yerusalemu. Anajibu mwenyewe: sivyo. Hasemi mnara ulianguka kwa nini. Anachofanya ni kuwakataza walio hai wasiwahukumu waliokufa, na kuwaita wao wenyewe watubu. Nami naongeza hili kwa uchungu: jengo bovu lina aliyelijenga na aliyelifumbia macho. Kufunga mjadala kwa kusema "ni mapenzi ya Mungu" ni kumbebesha Mungu dhambi ya mwanadamu.

Ikiwa si kwa matokeo ya leo, wema huo hujulikanaje? Kwanza, kwa kukumbuka. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na kila mstari unamalizika kwa "fadhili zake ni za milele". Kati ya kiitikio na kiitikio, Waisraeli wanasimulia aliyoyatenda Mungu: kuumba mbingu, kuwatoa Misri, kuwapa wote wenye mwili chakula. Wanautegemea mwenendo wake wa siku zote.

Kisha lipo Maombolezo, kitabu cha watu walioona Yerusalemu ukiangamizwa na Wababeli. Katika sura ya 3 mwandishi analalamika kwamba anaomba na Mungu anayapinga maombi yake. Mistari michache baadaye, katika sura hiyohiyo, anasema rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila siku asubuhi. Hakufuta malalamiko yake ndipo aandike sifa. Yote mawili yamebaki kwenye ukurasa mmoja. Na kitabu hakiishii kwa faraja. Mstari wake wa mwisho bado unahofia kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa.

Kwa Mkristo, hoja nzito kuliko zote ni msalaba. Katika Warumi 8:32 Paulo anauliza: Mungu ambaye hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, bali alimtoa kwa ajili yetu, atakosaje kutukirimia mengine yote? Muda si mrefu anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga. Haahidi kwamba hayatakuja. Anasema hayataweza kututenga na upendo wa Kristo. Huo ndio wema ambao mjane anauitikia.

Lakini inafaa kuangalia ni nani anayesema. Mjane akisema "Mungu ni mwema", hiyo ni imani yake, tena imemgharimu. Mgeni akimwambia maneno hayohayo ili anyamaze asilie, anamnyima kitu ambacho Yesu mwenyewe hakujinyima: alilia akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro, hali akijua atamfufua. Marafiki wa Ayubu walifanya vyema walipoketi naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua vinywa ili kumtetea Mungu, Mungu aliwakasirikia, akawaambia hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, yule aliyekuwa amelia na kulalamika.