Kulala na njaa hakushushi sukari ya asubuhi

"Mwanangu, jana usiku sikutia kitu mdomoni, sasa hii sukari ya 11 imetoka wapi?" Kila siku ya kliniki ya kisukari hapa Moshi lazima nilisikie hili, likitoka kwa bibi wa Rombo, likitoka kwa kijana wa bodaboda, likitoka hata kwa mwalimu wa sekondari mwenye kitambulisho shingoni, na ukimwangalia usoni unaona kabisa kashajijibu, kwamba ama mashine yenu mbovu ama dawa mnazotupa siku hizi ni feki. Leo naandika niliseme mara moja, maana nimechoka kulirudia mtu mmoja mmoja huku foleni imefika mlangoni. Namba zote za sukari humu ni kwa kipimo cha mmol/L.

Kwa mwenye kisukari, hata usipokula sukari inaweza kupanda. Ndiyo, inapanda, na inayoipandisha ni ini lako. Ini linatunza sukari na kutengeneza nyingine, na ukikaa bila kula linaitoa kidogokidogo kwenye damu kwa sababu ubongo unaitaka usiku kucha hata ukiwa unakoroma. Mtu mzima wa kilo 70 hivi asiye na ugonjwa wowote, ini lake linatoa kama gramu 8 kwa saa, yani vijiko viwili vya chai vya sukari kila saa bila yeye kugusa sufuria. Tofauti ni kwamba kwake insulini, ile homoni ya kongosho inayoshusha sukari, inaliambia ini basi, inatosha, na ini linasikia. Wewe mwenye kisukari aina ya pili ini lako limeshakuwa sugu, linaambiwa basi na bado linamwaga. Afu kuanzia kama saa 9 usiku mpaka saa 2 asubuhi mwili unapandisha homoni za kukuandaa kuamka, kortisoli na homoni ya ukuaji zimo humo, na hizo zote zinaibana insulini isifanye kazi vizuri. Ndo maana mtu analala na 7 anaamka na 10 na hajala hata karanga.

Sasa chukua huyo bibi wa Rombo. Kaamka saa 10 usiku, kapanda Hiace kulekule gizani, kafika kakaa kwenye benchi, foleni imesogea mpaka saa 4 asubuhi, hajala, na mbaya zaidi hajanywa dawa kwa sababu "naenda kupimwa". Kila saa anayokaa pale ini linaendelea na kazi yake. Halafu namba ikitoka 13 anajilaumu kwa ndizi mbili za juzi! Bibi, sio ndizi. Ukiambiwa uje hujala, sawa, njoo hujala, maji kunywa, ila dawa yako na chakula chako viwe kwenye kikapu, ukishatobolewa kidole tu unakula na kumeza hapohapo kwenye benchi, mwenye kushangaa ashangae. Na wapo ambao wakishapata hicho kifungua kinywa kidogo na dawa ndo namba inaanza kutulia, maana insulini imeitwa kazini na ini limepunguza.

Kinachonitoa roho hasa ni yale mtu anayoyafanya baada ya kuiona hiyo 11. Anaamua kujiadhibu. Usiku hali, lakini insulini ya maziwa, ile ya sindano yenye weupe kama maziwa, iliyochanganywa ya haraka 30 na ya polepole 70 kwa mia, anachoma kama kawaida saa 1 jioni. Hiyo insulini ina sehemu inayofanya kazi kwa nguvu masaa kadhaa baadaye, katikati ya usiku, na tumboni hamna kitu. Saa 8 usiku jasho linamlowesha, moyo unamwenda mbio, anaongea vitu havieleweki, nyumbani wanaanza kukemea mapepo wakati mtu sukari imefika 2.6. Jamani, kwanza pimeni. Chini ya 4 na anameza vizuri, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia, ikishapanda ale kitu. Kama hajitambui usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Mwingine yeye kwa kuwa hajala anaacha na metformini, kile kidonge cha kisukari, anasema dawa bila chakula ya nini. Metformini kazi yake kubwa ni kulibana hilohilo ini! Tunakwambia imeze na chakula ili tumbo lisivuruge, chakula sio ndo kinaipa nguvu. Glibenklamidi, kidonge kingine cha kisukari, ni habari nyingine kabisa, ile inalikamua kongosho litoe insulini, ukiimeza afu usile inakuangusha. Kwa hiyo usichukue ushauri wa jirani ambaye "na yeye anameza vidonge vyeupe", uliza vyako ni vipi.

Mimi dawa yangu kwa mtu wa namna hii ni daftari. Usiku mbili tatu pima mara tatu, unapolala, saa 9 usiku, na unapoamka. Najua stripu, vile vijikaratasi vya kupimia, ni ghali na najua hakuna anayependa kuamka saa 9 na baridi hii ya mlimani, lakini zile namba tatu zinaniambia kitu ambacho ya asubuhi peke yake haisemi hata uilete mwaka mzima. Kama ulilala nayo juu, tatizo ni chakula cha usiku, labda unakula saa 4 usiku ugali wa kujaza sahani afu unalala juu yake. Kama ulilala vizuri, saa 9 ilikuwa vizuri, na asubuhi imeruka, hilo ni ini na homoni za alfajiri, tutaongea dozi na muda wa dawa, na wewe huna kosa lolote. Kama saa 9 ilikuwa chini ya 4, tutapunguza dawa ya usiku au tutasogeza muda wake, hapo kujiongezea dozi mwenyewe ni hatari.

Mengine mnayoniambia kliniki nayapitia haraka.

"Sili sukari mimi, ni mtori tu." Mtori ni ndizi, ndizi mbichi ni wanga, wanga ukishameng'enywa ni sukari, na ukiupondaponda hivyo mpaka ukawa laini unaingia haraka kuliko ndizi nzima ya kuchemsha. Sikukatazi, punguza bakuli, anza na mboga na nyama afu umalizie na wanga, na ukishakula tembea dakika 15. Pima kabla, afu masaa mawili kuanzia tonge la kwanza, tunataka iwe chini ya 10. Dona vilevile: ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini wanga haujaenda popote, ugali wa dona wa ukubwa wa kichwa cha mtoto bado ni ugali.

"Mbege inashusha." Inashusha kweli wakati mwingine, kwa sababu pombe inalizuia ini kutengeneza sukari, na hiyo inaweza kukukuta usiku wa manane ukiwa kwenye insulini au glibenklamidi, na watu wakadhani umelewa tu. Mwanzoni lakini inapandisha, ni ndizi na ulezi ile. Hiyo sio dawa mangi.

"Nilikula chipsi na nyama choma nikapima ikawa 8, kumbe hazina shida." Mafuta yanachelewesha tumbo. Pima tena baada ya masaa manne uone.

"Nikitetemeka najua imeshuka." Sio lazima. Ukizoea kuishi na 15, mwili unaweza kulalamika hata ikiwa 7. Pima kabla hujakimbilia soda.

Na hii mashine mnayoisema mbovu kwa kuwa imetoa 9.1 afu 8.4, kiwango cha kimataifa cha mashine hizi kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 juu au chini, hizo mbili ni namba moja. Ila kama umetoka kumenya chungwa au embe na kidole hujanawa, hiyo 14 inaweza kuwa ya embe. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, pima tena.