Polishi sio waksi: moja inatoa, nyingine inaongeza

Watu wengi wakisema "nimepiga gari polishi" wanamaanisha wamepaka kitu kwenye bodi, wakasubiri kikauke kidogo, alafu wakafuta na kitambaa gari ikang'aa. Mara nyingi hicho walichopaka sio polishi, ni waksi. Na wengine wako upande wa pili kabisa, wananunua chupa ya polishi wakijua wanailinda rangi, wanapaka kila wiki, kumbe kila wiki wanaisaga. Haya maneno mawili yamechanganywa mpaka baadhi ya makopo yenyewe yanachanganya, kwa hiyo naomba niyaeleze taratibu, manake ukishaishika hii tofauti moja, kuchagua vitu vingine vyote vya kuoshea na kung'arishia gari kunakuwa rahisi.

Polishi inatoa, waksi inaongeza. Polishi ndani yake ina chembe za kusaga, mara nyingi za oksidi ya alumini ambayo ndo hiyohiyo inatumika kwenye msasa, ila hizi zimesagwa laini mno kiasi kwamba ukizisugua kwa vidole unaweza usisikie chochote. Ukiisugua polishi kwenye gari inaondoka na ngozi nyembamba ya juu ya rangi. Waksi yenyewe haiondoki na kitu, inakaa juu ya rangi kama utando, maji yanateleza na uchafu haushiki sana.

Sasa polishi inaondoa nini hasa? Gari nyingi kuanzia miaka ya 1980 zinapigwa rangi kwa matabaka, kuna praima chini, kuna rangi yenyewe, alafu juu kabisa kuna klia, ile vanishi isiyo na rangi ambayo ndo inaleta mng'ao na ndo inazuia jua lisiipaushe rangi ya chini. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi. Mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu, na unywele wa mtu una kama mikroni 70. Yaani hiyo klia yote unayoitegemea miaka na miaka ni nyembamba kuliko unywele wa kichwani kwako, na kila ukipiga polishi unapunguza humo humo, hairudi. Ikiisha au ikidhoofika sana unaona gari inaanza kupauka juu ya paa na boneti, baadae klia inabanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua, na hapo hakuna polishi wala waksi itakayoirudisha, ni kupiga rangi upya.

Hii haimaanishi polishi ni mbaya. Polishi ndo dawa pekee ya kweli ya ile mikwaruzo midogo midogo unayoiona jua likiwaka, ile inayojipanga kama utando wa buibui kuzunguka mwanga. Mkwaruzo ni kama mfereji, mwanga ukigonga kingo zake unatawanyika badala ya kurudi sawa, ndo maana rangi nyeusi inaonekana ya kijivu. Polishi haiujazi ule mfereji, inashusha usawa wa pande zote mpaka ufanane na chini ya mfereji, mkwaruzo unapotea kwa sababu hauna tena pa kuwa. Ukielewa hivo utaelewa pia kwanini mkwaruzo mrefu kwenda chini haufai kufukuziwa na polishi: ungelazimika kuishusha klia yote iliyouzunguka. Pitisha ukucha juu yake taratibu, ukucha ukikwama basi umeshuka sana, uache au umpelekee fundi rangi, usikae unasugua.

Na polishi zenyewe zina ngazi. Ile kali ndo watu wanaiita kampaundi, inakata haraka lakini inaweza kuacha ukungu wake ambao inabidi uufuate na polishi laini. Mtu akiona neno kampaundi anadhani ni bora zaidi kwasababu ni kali, mimi nasema anza na laini kabisa, jaribu sehemu ndogo kama futi moja kwa futi moja, angalia kwa tochi, kama imetosha basi, kama haijatosha ndo upande ngazi moja. Pedi, ile unayosugulia polishi, nayo ina ukali wake, ya manyoya inakata kuliko ya sponji, kwa hiyo polishi hiyohiyo kwa pedi tofauti inatoa kazi tofauti. Kuhusu mashine, ile inayozunguka tu mduara mmoja inafanya kazi haraka ila inapandisha joto sehemu moja na kwenye mikono isiyozoea inaunguza rangi, ile inayozunguka huku inatikisika ni ya polepole ila inasamehe makosa, kwa mtu anayefanya mwenyewe nyumbani ningesema hiyo tu.

Kingo ziogope. Nilishaona gari ya mjomba wangu, nyeusi, ilikuwa inapelekwa sehemu kuoshwa na kila mwezi inapigwa mashine na kampaundi kwasababu ilikuwa inatoka inang'aa kweli kweli na mzee alikuwa anafurahi. Miaka miwili hivi, ule mstari uliokunjika katikati ya boneti ukaanza kutoa weupe, ni praima ile, rangi imeisha pale. Kwenye mikunjo na kingo rangi ni nyembamba na pedi inagandamiza pale kuliko sehemu bapa, ndo maana panaanzia pale. Iliniuma kwasababu alikuwa anaitunza, alikuwa analipia kabisa akijua anaitunza, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba alichohitaji kila mwezi ni waksi.

Sasa hiyo mikwaruzo inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwenye kuosha. Ndo maana kama una hela ya kitu kimoja tu, usinunue polishi, nunua vitu vizuri vya kuoshea, manake kila mkwaruzo usiouweka ni klia ambayo hutalazimika kuisaga baadae. Adui ni mchanga na vumbi vinavyoburuzwa juu ya rangi, kwa hiyo kazi ya shampuu ya gari sio kutoa povu la kupendeza, kazi yake ni kulainisha, ule uchafu uteleze na kuelea badala ya kukwaruza. Tafuta yenye pH ya 7 au karibu na hapo, yaani sio ya asidi wala sio ya magadi. Sabuni ya unga haifai, ni ya magadi magadi, na punje zake ambazo hazijayeyuka zinasugua. Sabuni ya maji ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta na kwake waksi ni mafuta tu, itaidhoofisha waksi yako, labda uitumie kwa makusudi siku unayotaka kuanza upya.

Mwagia maji kwanza vumbi lishuke lenyewe, alafu tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu unayooshea kila ukitoka kwenye bodi, utaangalia ile ndoo ya pili mwishoni na utaona mchanga wote ule ambao ungeurudisha kwenye rangi. Anza juu shuka chini, rimu na tairi ziwe na kitambaa chake, kile kitambaa kisirudi kwenye bodi kamwe kwasababu vumbi la breki lina vipande vya chuma. Kitambaa kikianguka chini, kiweke pembeni. Osha kivulini na bodi ikiwa imepoa, juani shampuu inakauka kabla hujaisuuza na maji yenye chokaa yanaacha madoa ya duara ambayo yakikaa sana yanaila klia. Kaushia na taulo ya maikrofaiba nene na safi. Na kupangusa gari kavu yenye vumbi asubuhi kabla ya kutoka, tafadhali, hapo ndo mikwaruzo mingi inazaliwa.

Kati ya kuosha na polishi kuna hatua wengi hawaijui, klei, udongo laini wa kukanda kama plastisini. Gari ikishaoshwa na kukauka weka mkono ndani ya mfuko wa plastiki mwepesi upitishe juu ya boneti, ukisikia vipele vipele ni uchafu uliojichoma kwenye klia, vumbi la chuma, rangi ya watu waliopuliza jirani, utomvu. Shampuu haiutoi. Klei ikiteleza na kilainishi chake inaung'oa. Kwa chembe za chuma kuna dawa ya kupuliza ambayo ikikutana nazo inageuka zambarau, alafu unasuuza. Klei nayo inaweza kuacha mikwaruzo myepesi kwa hiyo sio ya kila wiki, na ikianguka chini itupe, usijaribu kuiosha.

Tukija kwenye waksi, ya asili inayosifiwa ni ya karnauba, inatoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil, mti unajikinga na jua kali kwa kutoa nta kwenye majani na sisi tunaichukua tunaipaka kwenye gari. Ni nta ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi za selsiasi, kwa hiyo haipakiki peke yake, kopo lina mafuta na viyeyusho pia, ndo maana usichukulie neno karnauba kwenye kopo kwamba yote ni karnauba. Inaleta mng'ao mzito wa kupendeza kwenye rangi nyeusi au nyekundu, ila inakaa wiki chache hadi miezi miwili mitatu. Za kutengenezwa kiwandani, za polima, zinakaa zaidi, nusu mwaka inawezekana, mng'ao wake ni wa kioo kidogo. Seramiki, kinga ya maji maji inayopakwa ikawa ngumu juu ya klia, inayotokana na silika, ndo inakaa mwaka na kuendelea kama bodi iliandaliwa vizuri, ila inafungia chini yake chochote ilichokikuta, kwa hiyo mikwaruzo inatolewa kabla. Na ile 9H inayoandikwa kwenye vichupa vya seramiki ni kipimo cha penseli, wanasukuma penseli ngumu juu yake waone kama itachana, haimaanishi jiwe au ufunguo hautachora.

Waksi yoyote paka nyembamba, nene haikai zaidi, inakusumbua tu kufuta. Usiipitishe kwenye plastiki nyeusi zenye vinyweleo, inaacha weupe. Mavi ya ndege hata juu ya waksi mpya yatoe siku hiyohiyo, yana asidi na waksi inakununulia muda tu.

Zipo bidhaa za mbili kwa moja, polishi na waksi kwenye chupa moja, na mimi sizikatai, kwa gari ya kazi mara moja au mbili kwa mwaka zinafaa. Shida ni kuzitumia kama waksi ya kila mwezi wakati zina chembe za kusaga. Kwa hiyo ukishika kopo dukani geuza nyuma usome, ukiona linaongelea kuondoa mikwaruzo, kurudisha rangi iliyopauka, kusafisha oksidi, ujue kuna kusaga humo. Likiongelea kinga, kuteleza kwa maji na miezi ya kukaa, hilo linaongeza. Na kuna za tatu zinazojaza mikwaruzo kwa mafuta, gari inatoka kama mpya, baada ya kuoshwa mara mbili tatu mikwaruzo yote inarudi. Ukitaka kuhakikisha polishi imefanya kazi kweli, futa sehemu ndogo na spiriti iliyochanganywa na maji alafu angalia tena kwa tochi, kama mikwaruzo imerudi basi ilikuwa imefunikwa tu.

Kama gari yako ni ya rangi isiyong'aa, ile ya mati, karibu yote haya hayakuhusu, polishi itaipa mabaka ya kung'aa yasiyotoka na waksi ya kawaida pia, nunua shampuu na kinga zilizoandikwa kabisa kwamba ni za mati.